Kwa Koleta Hawaonji

Kibondo, jioni ya kuamkia safari

Skola mwanangu,

Hii utaisoma ndani ya gari. Mimi nitakuwa kiti cha pembeni yako, nimepakata kikapu, natazama nje. Usinitazame mpaka umalize, na ukimaliza usiseme kitu mpaka tushuke. Najua ulidhani nitakusindikiza hadi stendi, nilie kidogo, kisha nirudi sokoni kwenye maharage yangu. Kulia nitalia, hilo lipo. Lakini kesho nakwenda na wewe Titye, na sababu yake sina ubavu wa kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumatatu. Kila nikifungua mdomo, kinachotoka ni habari ya sweta.

Mambo ya sweta, ya chandarua na ya kupiga simu kila Jumapili baba yako ameshayachukua yeye. Mwache ayaseme, yanamtuliza. Mimi nina sentensi moja tu niliyoisema kisimani wewe hujaanza shule, na nimegundua wiki hii kwamba bado inatembea.

Jumatatu ulirudi kutoka kuripoti kazini, zahanati ya Titye, viatu vimejaa vumbi jekundu, furaha imekujaa mpaka unakula umesimama. Ukasema umepata chumba, umeshakilalia siku mbili. Kikubwa, kina dirisha la kioo, karibu kabisa na kazini, na mwenye nyumba ni bibi mmoja mpole anayeishi peke yake. "Cha ajabu, Mama, hakina mpangaji. Chumba kizuri hivyo! Walimu wanabanana wawili wawili kule juu, na hapa patupu."

Nikakuuliza huyo bibi anaitwa nani.

"Bibi Koleta."

Unakumbuka nilidondosha upawa? Nikasema una mafuta, umeteleza. Haukuwa na mafuta. Kisha nikakuambia utafute chumba kingine, ukauliza kwa nini, nikajibu kwamba vyumba vya Titye vina unyevu.

"Vyote, Mama? Umeviona vingapi?"

Baba yako akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nikakasirika, nikasema ndiyo mliyoyasomea hayo, kuwajibu wazazi, nikatoka nje kumfukuza kuku ambaye hakuwa na kosa lolote. Lakini swali lako lilitoka na mimi. Umeviona vingapi? Angetokea mtu mmoja tu akaniuliza hivyo miaka ile, barua hii nisingeiandika.

Unaijua kazi yangu. Mkulima anashusha gunia, mimi nachomoa bambo, chuma changu cha ncha, nalichoma ubavuni mara moja, punje zinateremka kiganjani, nazitazama, nauma moja. Basi. "Makavu, pandisha mzani." Au, "Yana maji haya, baba, peleka kwingine." Watu wa Makere wananiita Mama Bambo, na jina hilo nalipenda, nisikudanganye. Ada zako za chuo zimetoka kwenye ncha ya kile chuma. Wala sisemi bambo ni baya. Huwezi kumwaga kila gunia chini ukachambua punje moja moja, soko litafungwa ungali kwenye gunia la kwanza. Kidogo lazima kikupe habari za kingi, la sivyo hakuna anayenunua wala anayeuza.

Ila bambo linaleta punje za pale lilipochoma. Kona ya chini halijafika. Kuna msimu nilichoma gunia la kijana mmoja wa Makere likatoa maharage yamelowa, nikapaza sauti soko zima likasikia: watu wa Makere siku hizi wanamwagia maji ili uzito uongezeke! Nikaacha kununua kwao msimu mzima. Kumbe kijana wa watu alinyeshewa njiani, gunia liko juu ya baiskeli, likalowa upande mmoja, na upande huo ndio niliouchoma. Wenzangu wakabeba mazuri ya Makere, mimi nikahangaika huko kwingine na yaliyotobolewa na wadudu. Lile kosa nililipa mwenyewe, tukacheka, likaisha. La Koleta sikulilipa mimi.

Sasa nikupeleke Titye.

Babu yako, baba yangu mimi, alitoka Burundi mpaka Titye na mkeka, sufuria na watoto. Hilo unalijua. Tulishapewa uraia, karatasi tunazo, ila kisimani nilikuwa bado "yule wa wakimbizi". Ndoo yangu ilisubiri za wenzangu zijae. Likipotea jembe, macho yanageukia kwetu. Mtu mmoja, mmoja tu katika watu wetu, aliwahi kukamatwa na kuku asiye wake, na kuanzia hapo ukoo wetu mpaka watoto wachanga tukawa wezi wa kuku. Kwa hiyo usinitetee kwamba sikujua. Nilijua inavyouma, nilikuwa na kidonda chenyewe mwilini, na bado nikamfanyia mwenzangu.

Koleta alikuwa jirani yetu, mwenyeji wa pale tangu mababu, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa. Migomba yake ilikuwa mizuri, na hakuna aliyejua kukamua mtobe kama yeye, yale maji ya ndizi mbivu kabla hayajachacha yakawa pombe. Mtoto wake alipopata kipaimara alifanya sherehe, akatualika na sisi. Yewe, nilivyofurahi! Nilivaa kitenge nilichokuwa nimekiweka cha Pasaka. Nikakupaka mafuta ukang'aa mpaka baba yako akauliza kama tunakwenda kwa Askofu.

Unajua kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza. Hufundishwi, unakua ukiona, kama kupiga hodi. Mwenyeji anapiga funda moja mbele yako, anafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, anakukabidhi. Maana yake ni kwamba kama humu kuna kitu, kianze na mimi. Siku ile nyumba ya Koleta ilikuwa imefurika, huku wanamwita, kule sinia limeanguka, na alipofika kwangu akanipa kibuyu moja kwa moja akageuka. Hakuonja. Nililiona hilo, likaniingia hapa kifuani. Lakini ningekataaje, mimi wa wakimbizi niliyealikwa? Nikanywa. Nikakunywesha na wewe.

Usiku ulitapika mpaka ukabaki unatapika povu, macho yakageuka, miguu ikalegea kama kitambaa. Baba yako alikubeba akakimbia nawe mpaka zahanati, hiyo hiyo unayokwenda kufanyia kazi, ingawa wakati ule ilikuwa chumba kimoja na taa ya chemli. Nilipiga magoti kwenye udongo nikamwambia Mungu mambo ambayo mtu hamwambii Mungu. Ukapona.

Nilipokwenda kisimani, macho yamevimba, wanawake wakaniuliza kulikoni. Nikajibu, na sikuongeza hata neno: "Mtoto alitaka kufa. Tulikuwa kwa Koleta. Kwa Koleta hawaonji."

Ndoo zikatuliwa chini, wote wakanizunguka. Mmoja akasema, eeh, hata marehemu Barnaba alikunywaga pale. Barnaba, Skola, alikuwa mtu wa kukohoa tangu nimjue. Kunywa alikunywa wakati wa mavuno, kufa akafa mvua za mwaka uliofuata. Lakini pale kisimani nani alikuwa na muda wa kupanga hilo? Mwingine akasema mbuzi wa mjomba wake alipita uani kwa Koleta, akalala, akafa. Nikatikisa kichwa kukubali hata mbuzi. Dalili ya mvua ni mawingu, tukasema. Mawingu mangapi yamepita juu ya Titye bila kudondosha hata tone, hakuna aliyeyataja.

Siku hiyo nilichota maji wa kwanza. Wakanitwika ndoo wenyewe, mmoja akanishika mkono kunivusha kwenye utelezi. Nilikuwa mama wa mtoto aliyelishwa sumu akanusurika, si yule wa wakimbizi tena. Sitakuficha, mwanangu: ilikuwa tamu. Tamu kuliko mtobe.

Na hapa ndipo paninyimapo usingizi. Mimi nilikunywa. Kibuyu kile kile! Baba yako alikunywa, akaomba tena. Katekista alikunywa, watoto wa kipaimara walikunywa, nyumba nzima ilikunywa, ikalala, ikaamka, ikaenda shambani. Nilikuwa nimesimama pale kisimani mzima wa afya, ushahidi wa miguu miwili, nasema kinywaji cha Koleta kinaua, na hakuna aliyeniuliza, na wewe je? Wala mimi sikujiuliza. Aliyetapika tulimhesabu. Waliolala salama tuliwaacha, kwa sababu mtu aliyelala salama hana cha kusimulia kisimani.

Nimeinuka kidogo. Nimekwenda kukagua sanduku lako kwa mara ya sijui ngapi, nimetoa mashuka nikayarudisha vile vile. Baba yako ameuliza nina nini leo, nikamwambia mbu. Amesema mbu wa mwaka huu wana kazi. Anajua. Yeye siku zote anajua, ila ana adabu ya kusubiri.

Niendelee. Hakuna aliyemtukana Koleta, usifikiri kulikuwa na mawe au kelele. Watu walianza tu kuwa na shughuli. Akikaribisha, mtu ametoka kula sasa hivi. Akiuza mtobe sokoni, watu wanamsalimia vizuri, mwakeye Mama, habari za nyumbani, wanapita. Binti yake alikuwa amechumbiwa, wajomba wa mchumba wakaja, wakakaa, wakawekewa vinywaji, wakaondoka vinywaji vikiwa vile vile. Posa ikafa hapo. Kila aliyekataa kunywa alikuwa anaongeza ushahidi, maana wa nyuma yake alisema: ona, hata fulani hanywi pale. Hakuna kitu kipya kilichotokea, Skola, hata mtu mmoja hakuumwa tena. Woga wetu ulikuwa unajizalia wenyewe.

Halafu mume wake akafariki.

Tulikwenda kuzika, kuzika watu wote wanakwenda. Dada zake Koleta walikuwa wamepika tangu alfajiri, masufuria makubwa ya ugali na maharage, moshi umewajaa machoni. Tukatoka makaburini, tukanawa mikono, tukakaa. Chakula kikaletwa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Unajua njaa ya msibani, mtu umelia na kuimba tangu asubuhi. Tukakaa, tunatazama chini, na ugali unapoa unaota ngozi.

Ndipo Koleta akatoka ndani, kitambaa cha ufiwa kichwani, upawa mkononi. Akaenda sufuria ya kwanza, akachota, akaonja mbele yetu. Akaenda ya pili, akaonja. Akaonja zote. Hakusema kitu, na yule alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Akasimama pale na upawa wake anatungoja. Wewe ulikuwa mapajani mwangu, ukasema kwa sauti, "Mama, nina njaa." Nikakuziba mdomo. Nami nilikuwa na njaa, Mungu ananiona.

Mwaka uliofuata tulihamia Kibondo kwa ajili ya biashara, na nilipoondoka nilikuwa bado naamini. Nataka ulijue hilo. Sikuwa mwongo. Ningekuwa mwongo ningejua pa kuanzia kutubu. Nilisema kitu nilichokiona, hakuonja, ni kweli hakuonja, na juu ya kitu kimoja cha kweli nikajenga nyumba nzima nikamfungia mtu ndani.

Sasa kumbuka siku ya Eliya. Mdogo wako alikuwa anatambaa tambaa na kushika kila kitu, tunakaa ile nyumba ya nyuma ya soko. Jioni akaanza kutapika. Povu lile lile, macho yale yale, miguu ile ile. Nikapiga yowe, na katikati ya yowe nikasikia akili yangu inatafuta: Koleta yuko wapi? Hakuwepo. Hatukuwa tumekula wala kunywa kwa mtu yeyote. Tulipofika hospitali, mganga wa zamu akauliza swali moja: nyumbani kuna mihogo michungu? Ilikuwepo. Nilikuwa nimeimenya asubuhi, iko kwenye beseni inasubiri kwenda kuvundikwa. Eliya alikuwa ametafuna kipande kibichi.

Na wewe, ulikuwa darasa la pili au la tatu, umesimama kando umeshika kanga yangu, ukasema bila hata kuniangalia: "Hata mimi nilikulaga ule, Mama, kule Titye. Ulikuwa mchungu nikautema kidogo. Siku ile ya mafuta, ya kwenda kwa yule bibi wa sherehe."

Najua hukumbuki kusema hivyo. Ulisema kama mtoto anavyosema habari ya mjusi. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya hospitali. Watu wakadhani ni kwa ajili ya Eliya, wakaniletea maji.

Ungetegemea kesho yake nipande gari niende Titye, sivyo? Sikwenda. Nimeshuka Makere kila msimu na bambo langu, na pale kijana wa bodaboda angenifikisha. Nilikuwa na sababu kila mara. Mvua. Mzigo. Nikajiambia watu watakuwa wamesahau. Nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki. Hiyo methali, mwanangu, waliitunga watu wavivu wa kushika kitambaa. Sababu yenyewe ilikuwa aibu. Nilijiona narudi kuwa yule wa nyuma kisimani, safari hii kwa haki.

Na tena, nikuambie ukweli wote maana umezoea kunikamata, sina uhakika hata na mihogo. Mtoto alikumbuka kitu cha alipokuwa na miaka mitano, miaka ile imeshapita. Huenda ilikuwa mihogo, huenda ilikuwa homa, huenda ni mafuta yale niliyokupaka ukayalamba. Nikisema sasa "ilikuwa mihogo, nimejua, nimemaliza", si nimechoma bambo upande wa pili tu? Koleta simjui kuwa malaika. Simjui kabisa! Nilikaa jirani naye miaka, na sikuwahi kumuuliza swali jepesi kuliko yote: dada, mbona leo hukuonja? Pengine alisahau. Pengine alikuwa na jino. Pengine alinihesabu mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani haonjewi. Hili la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi.

Basi nilikuwa nimejizoeza kuishi na hilo. Mpaka Jumatatu hii, ulipokuwa unamalizia chakula ukacheka ukasema: "Ila bibi yule ana vituko. Anaonja kila kitu kabla ya kunipa. Mtobe, chai, sawa. Jana amenipa maji ya kunywa, ya chupa, kafungua mbele yangu, kaonja! Nikamwambia bibi, hayo ni maji tu. Akasema, kunywa mwanangu, umeona nimekunywa."

Baba yako hakucheka. Aliniangalia mimi.

Na ukaongeza kwamba mwenye duka la jirani, kijana kabisa, amekushauri kwa nia njema uwe unapika mwenyewe. Yule kijana hakuwa amezaliwa, Skola. Hamjui Barnaba, hajui mbuzi wa mjomba wa mtu, hanijui mimi. Ana kile kisentensi tu, amekirithi kama watu wanavyorithi kigoda.

Kuna ombi moja nataka kukuomba, na lina woga ndani yake. Utakaa pale kwenye dirisha la zahanati, na watakuja, nakuhakikishia watakuja, mama amebeba mtoto wake, anasema amelishwa kwa fulani. Usimcheke. Mimi ndiye yule mama. Mpe mtoto dawa kwanza, kisha umuulize taratibu: na nani mwingine alikula? Yuko wapi leo? Usimuulize kwa kumshinda. Muulize uulize kweli, na usubiri jibu, maana siku nyingine itakuwa sumu kweli na wewe utakuwa umeshajizoesha kusema si sumu.

Na wewe mwenyewe una bambo lako, usijione. Ulipokuwa kwenye mazoezi ya kazi, kambi ya wakimbizi ya Nduta, ulirudi wiki ya kwanza ukasema wanawake wa kule kambini hawapendi kumeza dawa, wanazificha kwenye kanga. Nikakuuliza wangapi. Ukasema wawili. Tukacheka, ukasema basi mmoja na nusu, maana wa pili alizimeza baadaye. Tulicheka, lakini wale wawili, mwanangu, ni damu ya babu yako. Titye nayo utaianza hivyo hivyo. Wiki ya pili utanipigia simu useme, "Mama, watu wa huku..." Nitakukatia simu.

Umeona, nimeanza kuhubiri. Nimesimama nimekunywa maji. Baba yako amezima redio, maana yake anataka nilale.

Jambo la mwisho ndilo gumu. Mkono wangu unaandika haya yote na moyo wangu bado unaogopa. Mimi ninayejua yote haya, jana nilifungasha unga, dagaa, majani ya chai, sukari na hata chumvi kwenye sanduku lako, nikakuambia vitu ni ghali kule. Umeamini? Nilikuwa nafanya kama yule kijana wa duka. Nilikuwa nakuandalia upike mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wanasema, na mimi wala sikuumwa. Nilisimulia nyoka mpaka nikamwona. Akili imeshatoka Titye zamani, tumbo bado limekaa pale msibani limeziba mdomo wa mtoto.

Sijui kama anajua wewe ni nani. Umejiandikisha kwa jina la ukoo wa baba yako, ambalo Titye hatukulitumia, na uso wako ni wa kwao. Pengine hajakuunganisha na mimi. Pengine alikujua ulipopiga hodi tu, na ndiyo maana anakuonjea mpaka maji ya chupa. Hilo nalo silijui, na safari hii nimeona niende kuuliza.

Kwa hiyo kesho tutafika, utaniacha nitangulie. Nitamsalimia, nitamwambia jina langu na sentensi yangu, kama nilivyoisema, bila kuipunguza. Akitufukuza ni nyumba yake, utatafuta chumba kingine chenye unyevu. Ule mzigo wa unga na chumvi nitautoa usiku huu huu, sanduku lako litakuwa jepesi asubuhi, usishangae.

Akitukaribisha, nitaomba tukae nje barazani, si ndani. Njia ya kisimani inapita pale pale, kama hawajaihamisha, na tutafika saa za wanawake kurudi na ndoo. Ataingia, atatoka na kibuyu, atakinyanyua aonje kama alivyozoea. Nitamshika mkono. Nitakichukua kabla hakijafika mdomoni mwake, nitakunywa mimi kwanza, mbele ya njia. Bado nitakuwa naogopa, Skola, najijua. Usinisaidie kukishika.

Na wakisimama na ndoo zao kuulizana ni nani huyo anayekunywa kwa Koleta bila kuonjewa, wewe nyamaza. Nitawajibu mwenyewe.

Mama yako,
Felisita